UZI: Miti yetu ya asili inayotoa kamba na nguo kwenye gome, tuandike ujuzi huu kabla wazee hawajaisha

MtunduMrefu

Wakuu habari za saa hizi. Humu jukwaani mada za miti ya mbao zipo nyingi, za dawa za mitishamba ndo usiseme, ila miti ya kamba sijaona mtu akiigusa na ni kitu kinaniuma siku nyingi sana. Huku kwetu Tabora ukienda gulioni kamba ni za manila na vipande vya mipira ya matairi basi, mtu anaenda kukata kuni katikati ya miyombo na kamba ya dukani mfukoni wakati kamba zimemzunguka kila upande, hajui tu azichune wapi. Vijana wengi wa rika langu hawawezi tena kukuonyesha mti wa kamba ni upi.

Nianze na ninachokijua mimi, wengine mtaongezea. Hili pori la miyombo linaloanzia huku kwetu likashuka Katavi na Rukwa likavuka mpaka Zambia, Malawi na Katanga, miti yake mingi mikubwa ina nyuzi ndefu kwenye gome. Myombo wenyewe ndo kiboko yao. Hauendi kwenye shina kubwa, unatafuta machipukizi yaliyonyooka, unene wa kifundo cha mkono, yale yanayoota pembeni ya kisiki cha mti uliokatwa zamani. Na lazima iwe mvua zimeshaanza, mti unavuta maji, hapo unakata kidogo chini, unashika ncha ya gome unavuta kwenda juu na linabanduka lenyewe ukanda mrefu mpaka kwenye matawi. Kiangazi usijisumbue, litang'ang'ania na kukatikakatika. Ukishalitoa unamenya lile ganda la nje gumu lenye magamba unalitupa, unabaki na gome la ndani, laini, lina unyevu, ukilikunja halivunjiki. Hiyo tayari ni kamba. Fito za nyumba, nguzo za bani (banda la kukaushia) la tumbaku, mdomo wa gunia la mkaa, vyote unafunga nalo likiwa bichi hivyohivyo na likikauka linakaza hasa. Ukitaka kamba ya kazi ndefu, ya kufungia ng'ombe au ya kuteremshia ndoo kisimani, hapo unaliponda kwanza, unaloweka mpaka nyama yake ioze zibaki nyuzi tupu, unasuuza, unaanika kivulini, ndo unakaa chini kupota pajani, nyuzi za huku unazizungusha mbele, unaziunganisha na za huku zikijirudia zenyewe, unaongeza nyingine kabla za kwanza hazijaisha ili kamba isiwe na sehemu nyembamba.

Myombo hauko peke yake, kuna msegese ambao wengine wanauita mchekeche, kuna mikole ya aina mbalimbali, mbuyu ndo msiseme, na miti mingine ambayo naijua kwa Kinyamwezi tu.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi. Gome la ndani ndo njia ya chakula cha mti, majani yanapika juu kwa jua halafu sukari inashuka kwenye mizizi kupitia humo humo tunamotoa kamba. Ukitoa ukanda mmoja upande mmoja mti unapona, kidonda kinafunga taratibu. Ukiuzungushia pete shina zima mizizi inakosa chakula, mti utakudanganya, utaendelea kuwa na majani muda tu halafu unakauka umesimama. Na ndivyo tunavyofanya kwenye mizinga ya nyuki ya magome. Jamaa anachagua mtundu (mti mwingine wa jamii ya myombo) mzuri kuliko yote, mnyoofu, mnene, anakata pete chini, pete juu, anapasua kwa urefu, anatoa bomba zima la gome karibu urefu wa mtu, analishona au kulibana kwa vijiti, anaziba ncha mbili kwa nyasi, mzinga tayari. Mzinga unakaa miaka michache tu unaoza, na mti uliochukua miongo mpaka kufika unene ule umekufa.

Mimi sisemi gome lisiguswe. Nasema wazee walijua ni mti gani unachunwa ukabaki hai na unachunwaje, sisi tumebakiza kuchuna tu. Kila mwenye ujuzi wa kwao aweke hapa.

---

fundi fito

Mkuu umenigusa, nilishasahau kabisa habari hizi. Kwetu Mpanda nyumbani kwa babu kulikuwa na vilindo, wale wa mjini wasiojua kilindo ni kama pipa la gome la mtundu, limezungushwa na kushonwa kwa kamba ya gome hilohilo, chini gome, mfuniko gome, hamna msumari hata mmoja. Bibi alikuwa anaweka mbegu za maharage na karanga anakipandisha darini juu ya jiko moshi ukipitie, na mbegu hazikuwa zinabunguliwa hovyo kama sasa tunavyohangaika na dawa za vidonge. Kikubwa zaidi kilikuwa cha nafaka ya chakula, yaani mtu mzima anaingia ndani.

Na kwenye kufunga fito nakuunga mkono, mimi ni fundi wa nyumba za udongo mpaka leo. Waya unakula kutu ndani ya tope, nailoni ikikaa juani inakatika, kamba ya myombo ikishafunikwa na udongo mkavu unaikuta iko vilevile siku unabomoa nyumba. Ila mchwa wakiingia hapo hamna kitu, lazima nguzo ziwe za mti mgumu na msingi uinuliwe.

---

Dar Mpaka Moro

Samahani wakuu niulize tu bila ubaya, si tuna katani? Tanga mkonge umejaa, nyuzi zake ndefu, bei nafuu, kwanini tuhangaike kuchuna miti ya porini ambayo inachukua miaka kukua?

---

MtunduMrefu

Swali zuri mkuu. Katani naiheshimu sana, imejenga Tanga. Ila mkonge ni mgeni, aliuleta Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche ilitoka Florida na iliyofika hai Tanga ilikuwa 62 tu, kabla ya hapo watu wa bara hili walikuwa wanafunga, wanabeba na wanajenga kwa kitu gani? Kwa magome. Misafara yote ya Wanyamwezi kushuka pwani na pembe na kurudi na nguo, mizigo ile ilifungwa kwa kamba za porini.

Halafu katani inataka shamba, inataka mashine ya kusindika, inataka usafiri kutoka Tanga mpaka Kaliua. Gome liko hapo ulipo. Mtu wa kijijini akihitaji kamba saa hii ya kufunga mzigo, katani haimsaidii. Vyote vina nafasi yake, mimi napinga tu ile hali ya kuona kwamba kitu kikiwa hakina kiwanda basi si kitu.

---

Mzinga Juu

Mleta uzi kwenye kamba uko vizuri lakini kwenye mizinga naomba nikupinge kwa heshima, mimi ni mfuga nyuki, nimekulia kwenye nyuki.

Kwanza hao wanaotuambia tuache mzinga wa gome wanatuletea mzinga wa sanduku, mbao zake zinatoka wapi? Zinatoka kwenye mti ulioangushwa ukapasuliwa. Pili bei. Mzinga wa gome gharama yake ni nguvu zangu na panga, naweza kutundika mingi sana msimu mmoja, nikipata makundi nusu yake nimevuna. Mzinga wa sanduku ukiibiwa au ukipigwa na moto wa porini umelia. Tatu, na hili ndo kubwa, mfuga nyuki hawezi kuruhusu pori lichomwe wala lifyekwe. Angalia sehemu ambazo asali imeshika, pori bado lipo. Angalia sehemu ambazo tumbaku na mahindi vimeshika, pori limeisha. Wenzetu wa kaskazini magharibi mwa Zambia wanauza asali nje ya nchi miaka mingi na mizinga yao ni ya magome na miyombo yao bado imesimama. Sasa mimi nikiua miti kadhaa ndani ya pori kubwa linalojizalisha lenyewe, na huyu mwingine anafyeka heka nzima na kuchoma, tunawekwaje kundi moja?

Naongea kwa uchungu kwa sababu sisi ndo tunakamatwa kwanza.

---

MtunduMrefu

Mzinga Juu nimekusoma mara mbili na hoja ya tatu nakubaliana nayo kabisa, asali imelinda pori kuliko mabango. Nyuki wanahitaji maua ya mitundu na miyombo na mwenye nyuki anajua hilo kuliko mtu yeyote.

Ila tuangalie miti yenyewe. Unachagua mti upi? Mnyoofu, mnene kiasi, hauna matawi chini, gome halina kovu. Kila mwaka unatoa ile bora, mbegu zinabaki kwa iliyopinda. Na mti unaokufa umesimama bila kukatwa, machipukizi kwenye kisiki huwa hayaji vizuri kama ungeukata kabisa mvua zinapoanza. Kama lazima utoe gome la mzinga, basi mti ukishauchuna ukate, shina litumike kuni au mkaa au lichongwe, kisiki kichipue upya na baada ya miaka machipukizi hayo ndo kamba zetu. Hivi ninavyoona shina linaachwa likauke na moto wa Agosti unamalizia.

Na kwenye kukamatwa, kwenye misitu ya hifadhi gome nalo ni zao la msitu kama mbao na mkaa, sheria ya misitu ya mwaka 2002 inataka kibali. Vikundi vya ufugaji nyuki vyenye makubaliano na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) au vijiji vyenye msitu wao wa kijiji mnasimama vizuri zaidi kuliko mtu mmojammoja anayeingia kimya kimya. Hapo naomba wenye uzoefu na vikundi waje.

---

Bukoba Kwetu

Nimefika na uzi wenu umenikosha. Ngoja nilete wa kwetu maana huku gome lilikuwa nguo kabisa, sio kamba tu. Wahaya walivaa mbugu, Wanyoro, Waganda, na ng'ambo ya pili Wanyarwanda wana impuzu ya mti wa umuvumu. Yote hiyo ni miti ya jamii ya mkuyu. Ila waliobaki wakiitengeneza kwa wingi na kwa fahari ni Waganda, mimi nina ndugu upande wa Masaka na kazi hii nimeiona kwa macho.

Mti wao unaitwa mutuba. Unapandwa kwenye migomba, shambani nyumbani, hauendi porini kuutafuta. Gome linavunwa kipindi cha mvua. Fundi anakwangua ganda la juu kwanza, anakata pete juu na chini, anapasua mstari mmoja wima, halafu HAPA NDO PENYE SIRI, hatumii panga kubandua. Anachonga kabari ya mgomba, kitu laini, anaisukuma chini ya gome taratibu mpaka lote linaachia. Chuma kingekwaruza ile ngozi nyembamba yenye utelezi iliyobaki kwenye shina, na hiyo ndo inayozaa gome jipya. Muda huohuo, hata jua halijaipiga, shina linafungwa majani ya mgomba kuanzia juu mpaka chini kama mtu aliyefungwa bandeji. Baada ya siku kadhaa yanafunguliwa, gome jipya limeanza. Mwakani unarudi. Mti mmoja unavunwa miaka na miaka, na nguo ya mavuno ya kwanza ndo huwa mbovu, ya baadaye inazidi kuwa laini.

Mleta uzi ulisema pete ya shina zima inaua mti. Kwa mtundu ni kweli. Kwa mutuba hapana, kwa sababu ya hiyo kabari na hayo majani, na mti wenyewe una tabia ya kupona.

Gome likishatoka linapitishwa kwenye mvuke au moto wa majani lilainike, linapelekwa kwenye kibanda kilicho wazi pembeni, kivuli lazima, maana likikauka kabla ya kugongwa limeharibika. Linalazwa juu ya gogo, wanagonga watu wawili watatu kwa mpigo mmoja, nyundo za mbao zenye mifereji. Nyundo ziko aina tatu, ya kwanza mifereji yake mipana ya kuvunja, ya pili ya kati, ya mwisho midogo midogo ya kulainisha. Kipande chembamba kinatanuka mpaka kinakuwa shuka, unakiona kwa macho kinavyoongezeka. Kikianikwa juani ndo kinapata ile rangi ya udongo mwekundu. Palipotoboka panashonwa kiraka ambacho usipoangalia vizuri hukioni.

Waganda kazi hii ni ya ukoo wa Ngonge, mkuu wao anaitwa kaboggoza. Nguo ya kabaka (mfalme wa Buganda) na machifu ilitiwa rangi nyeupe au nyeusi, ya watu wengine inabaki nyekundu. Nguo za pamba za misafara ya Waarabu ndo ziliiangusha karne ya 19, ikabaki ya misiba, matambiko na kumtawaza kabaka. UNESCO waliitangaza mwaka 2005 na kuiweka rasmi kwenye orodha yao mwaka 2008. Leo wabunifu wa Kampala wanashona mikoba, majalada ya daftari, mapazia ya hoteli.

Kinachoniuma mimi ni upande wetu wa Kagera. Mti upo, unaona watu wameupanda mipakani mwa mashamba, lakini kumpata anayejua kugonga ni kazi.

---

mama_vyondo

Hamjambo wadau, mimi ni wa Kitui, Kenya. Naona mbuyu umetajwa juu juu na mimi siwezi kunyamaza.

Kiondo (kikapu chetu cha kusuka) mnachokiona kwa maduka ya watalii sahii ni katani au uzi wa sweta. Kile cha nyanya zetu kilikuwa cha gome. Huku Ukambani ni mbuyu hasa, Wakikuyu wao walitumia mimea ya mugio na mukeu. Mbuyu hauna mbao ya maana, hauna kuni, lakini gome lake la ndani lina nyuzi ndefu na kali ajabu. Unachagua mti ambao haujachunwa karibuni, unatoa vipande vya chini pale mkono unafika, unaacha sehemu kati ya kipande na kipande. Mbuyu unapona kuliko mti mwingine wowote ninaoujua, shina lake lote liko hai na limejaa maji, gome linarudi. Ukitembea huku utaona mibuyu mizee sehemu ya chini iko laini, haifanani na juu, hapo ni mikono ya akina mama wa vizazi kadhaa.

Kazi ni kwa uzi. Unaloweka, unapasua nyembamba, unasokota pajani mpaka ngozi inazoea. Uzi ukisokotwa vizuri ni mwembamba na hauna vinundu, na kiondo chake unaweka nafaka hata ndogo kama mawele, hakitoki punje. Kinaanziwa kwa kitako, nyuzi zinapangwa kama miale, unaongeza unavyozunguka. Rangi zilitoka kwa magome na mizizi mingine. Hicho kinakaa miaka mingi, cha katani kikilowa mara kwa mara kinaoza kitako.

Shida ni bei. Mtalii haoni tofauti, anaona kimoja kina rangi nyingi na kingine ni cha kahawia, analipa sawa. Mama aliyekaa wiki akisokota gome na aliyenunua uzi dukani wanapata pesa ileile, unadhani mwaka ujao atachuna mbuyu? Kama mnataka ujuzi ubaki, mnunuzi lazima ajue anachonunua. Kila kikundi kiandike kwa lebo, hii ni gome, mti fulani, kijiji fulani. Sisi tumeanza hivyo na wanunuzi wameanza kuuliza.

---

Mwana Ituri

Jambo ndugu zangu. Huku kwetu Ituri, Kongo, Bambuti (watu wa pori) walikuwa wanagonga magome ya miti hiyo ya jamii ya mkuyu tangu zamani, na iko tofauti kidogo. Wanaume ndio wanagonga, wamama ndio wanachora. Wanachora na maji meusi ya tunda la pori wanachanganya na makaa, mistari, nukta, hakuna kipande kinafanana na kingine. Leo vingi viko kwenye makumbusho za Ulaya na kwa watu wenye pesa, huku pori wanavaa vitenge na nguo za mitumba. Vita ilisumbua sana watu wa pori, watoto walikua kwa kambi, wangejifunza wapi.

---

Dar Mpaka Moro

Aisee. Niliingia na swali la katani sasa nataka kupanda miti. Bukoba Kwetu, huo mutuba unaweza kuota Morogoro? Mbegu napata wapi?

---

Bukoba Kwetu

Mkuu mbegu usitafute, hata sisi hatupandi mbegu. Unakata tawi lililokomaa, nene, refu kukuzidi, unalipumzisha kivulini utomvu ukauke kwenye jeraha, unachimba shimo la kina unalisimamisha mvua zinapoanza. Linachipua lenyewe. Chagua tawi lililonyooka na lisilo na vifundo maana gome lake litafuata sura hiyohiyo, na matawi ya pembeni uwe unayapogoa mapema, kila tawi ni tundu kwenye nguo. Miti ya jamii hii inapenda unyevu, kwa Morogoro tafuta upande wa milimani Uluguru au karibu na mto, usiuweke karibu na nyumba mizizi yake ina nguvu. Na uwe mvumilivu, utakaa miaka kadhaa kabla ya kuugusa.

---

Mzinga Juu

Nimesoma hii ya kabari ya mgomba nimebaki nafikiria. MtunduMrefu, kuna mtu amewahi kujaribu kwenye mtundu? Achune kwa kabari laini badala ya panga, aache ukanda upande mmoja usiguswe, shina lifunikwe majani mabichi. Mzinga hautakuwa bomba zima, utakuwa na mwanya, lakini mwanya naweza kuuziba kwa ukanda wa gome la mti mwingine, kushona ndo kazi yetu.

---

MtunduMrefu

Sijamsikia mtu aliyefanya hivyo huku kwetu. Kwa jinsi gome linavyofanya kazi huo ukanda ulioachwa ndo wa maana kuliko majani, chakula kitaendelea kupita. Usiwe mwembamba, acha angalau robo ya mzunguko wa shina, na kata mwanzoni mwa mvua ili mti uwe na msimu mzima wa kupona kabla kiangazi hakijaja, halafu fyeka nyasi kuzunguka shina moto usiukute na kidonda kibichi. Mimi nina mitundu kwenye shamba langu mwenyewe, hakuna wa kuniuliza kibali cha hifadhi, mvua za Novemba zikishika nachuna mmoja kwa panga kama kawaida na mwingine kwa kabari na ukanda. Wewe fanya na wako. Tuwekee picha hapahapa za masika na za kiangazi, tuone upi una majani.

Fundi fito, mzee aliyeshona vile vilindo yupo bado? Kama yupo kamrekodi akishona, hasa pale gome linapopishana kwenye mshono, hapo ndo sijawahi kupaelewa.